Hati inayoridhisha, zahanati isiyokamilika: ununuzi wa kimkakati unabadilisha nini katika halmashauri?

Diwani wa Tabora (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu.

Mimi ni diwani katika mojawapo ya halmashauri za Mkoa wa Tabora na ni mjumbe wa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Naleta swali ambalo limenikaa tangu kikao chetu cha robo iliyopita, kwa kuwa najua humu wamo maafisa ugavi, wakaguzi na wazabuni ambao wameishi na jambo hili kwa miaka mingi kuliko mimi.

Halmashauri yetu imepata hati inayoridhisha kutoka kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na taarifa hiyo iliposomwa kwenye Baraza tulipiga makofi kwa haki, maana watumishi wamefanya kazi. Wiki hiyohiyo nilipita kwenye zahanati inayojengwa katika kijiji kimoja cha kata yangu. Boma limeezekwa upande mmoja tu. Upande wa pili, ambao hauna bati, maji yamekwisha kuchimba kifusi cha msingi hadi mawe yanaonekana, na katika chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia imerundikwa mifuko ya saruji iliyoganda. Karatasi zake zimechanika na ndani yamebaki mabonge yasiyofaa hata kusawazishia sakafu. Mwenyekiti wa kijiji alinieleza kwamba saruji ililetwa Januari, mbao zikafika Machi, na bati za upande uliobaki hazijafika kabisa. Fundi alisubiri, akachoka, akaenda kutafuta kazi kwingine.

Nilirudi makao makuu nikaomba kuona jalada la mradi. Kila kitu kimo: maombi ya idara tumizi (idara inayohitaji kitu kinachonunuliwa), kotesheni tatu, muhtasari wa kikao, oda ya ununuzi, hati ya mapokezi iliyosainiwa na kamati, leja ya stoo. Sikuona mahali ambapo mtu ameiba, wala kanuni ambayo ningeweza kuionyesha kwa kidole kwamba imevunjwa. Hata hivyo, mama mjamzito wa kijiji kile bado anapakiwa kwenye bodaboda usiku ili afike kituo cha afya cha kata ya jirani.

Hivi karibuni tulipewa semina kuhusu kile kinachoitwa ununuzi wa kimkakati, na mtoa mada alisisitiza kwamba utendaji wa Serikali za Mitaa unategemea sana jinsi zinavyonunua. Nakubali kwa jumla, ila sijaelewa kwa undani. Je, ni utaratibu uleule tuliokuwa nao uliopewa jina jipya, au kuna jambo ambalo halmashauri ikilifanya tofauti zahanati itafunguliwa, maji yatatoka bombani na dawa zitapatikana? Na ikiwa lipo, diwani anaingilia wapi, hali sheria haimruhusu kukaa kwenye Bodi ya Zabuni?

Naomba maelezo ya wenye uzoefu, hasa wa mikoa yetu hii ya magharibi, kwa sababu mazingira ya Dar es Salaam au Arusha si ya kwetu.

Afisa Ugavi, Kigoma

Mheshimiwa Diwani, nakushukuru kwa swali lako, na zaidi kwa kuomba jalada badala ya kuishia kwenye lawama. Nafanya kazi ya ununuzi na ugavi katika halmashauri mojawapo ya Mkoa wa Kigoma, na hali uliyoieleza naifahamu.

Nianze na hati, kwa sababu inawachanganya wengi. Hati inayoridhisha ni maoni ya mkaguzi kwamba taarifa za fedha za halmashauri zimeandaliwa kwa usahihi na kwa kufuata viwango vya uhasibu. Haisemi kwamba zahanati imekamilika, wala kwamba bei iliyolipwa ilistahili. Masuala hayo huguswa katika ukaguzi wa ununuzi na mikataba, katika ukaguzi wa ufanisi, na katika kaguzi zinazofanywa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Kwa hiyo ulichokiona si mgongano: jalada linaweza kuwa kamili na jengo likawa pungufu, kwa kuwa utaratibu wetu kwa miaka mingi umepima kama hatua zimefuatwa, si kama hatua hizo zimefika mahali zilipokusudiwa.

Sasa nije kwenye kiini. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Mvua za Tabora na Kigoma huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, pengine Mei. Maana yake ni kwamba miezi bora kabisa ya kujenga huku kwetu, ambapo barabara za vijijini zinapitika, mchanga ni mkavu na wananchi wamemaliza kuvuna na wanaweza kujitolea kuchimba msingi, ni ile minne ya mwanzo wa mwaka wa fedha. Halmashauri nyingi huitumia miezi hiyo kujiandaa. Fedha inapoingia Agosti, ndipo mhandisi anaombwa makadirio. Makadirio yakikamilika, idara tumizi inaandika maombi. Maombi yanarudishwa kwa sababu sifa za vifaa hazikuelezwa vizuri. Kisha yanaingizwa kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, yanatangazwa, yanafanyiwa tathmini, yanapelekwa kwenye Bodi ya Zabuni, kunakuwa na kipindi cha kusubiri malalamiko ya wazabuni, mkataba unapitiwa na mwanasheria. Mkisaini, ni Novemba. Lori la kwanza linakwama kwenye tope la mbugani, mwenye lori anapandisha nauli, na saruji inafika Januari kwenye jengo lisilo na paa la kuihifadhi.

Hakuna kanuni inayolazimisha mambo yaende hivyo. Kazi kubwa katika mlolongo huo haihitaji hata shilingi moja kuwa benki. Michoro, makadirio, sifa za vifaa, uchunguzi wa bei ya soko na orodha ya mahitaji ya kila kata vinaweza kufanyika kuanzia wakati bajeti inapoandaliwa, yaani Januari na Februari, ili mpango wa ununuzi wa mwaka uwe na tarehe zinazotekelezeka badala ya tarehe zilizojazwa ili mfumo ukubali. Ununuzi wa kimkakati, kwa mtazamo wangu, huanzia hapo: mnaamua kwanza zahanati ianze kuhudumia wagonjwa lini, kisha mnahesabu kurudi nyuma hadi siku ambayo kila kitu kinapaswa kuwa kimenunuliwa. Mkianzia mwisho namna hiyo, mtaona wenyewe kwamba saruji ya sakafu haiwezi kuagizwa kabla ya mbao na bati, na kwamba agizo moja lenye awamu tatu za kupokea mzigo ni bora kuliko maagizo matatu yasiyofahamiana.

Jambo la pili ni kutonunua kila kitu kwa njia ileile. Mwaka 1983 mtaalamu Peter Kraljic alipendekeza taasisi igawe bidhaa zake kwa kuangalia mambo mawili: uzito wake kwa taasisi, na ugumu wa kuipata sokoni. Yeye aliwaza viwanda, lakini mgawanyo huo unaifaa halmashauri vilevile. Karatasi za kuchapia zina wauzaji wengi na thamani ndogo. Hizi zinunuliwe kwa njia rahisi, kwa pamoja, na afisa asipoteze wiki nzima kwazo. Saruji, nondo na bati zina wauzaji wengi lakini zinakula fedha nyingi. Hapo ndipo ushindani unalipa, na hapo ndipo mahitaji ya shule na zahanati zote yajumlishwe ili mzabuni aone wingi na apunguze bei. Vitendanishi vya maabara au kipuri cha pampu ya kisima vina gharama ndogo kwenye bajeti, lakini vikikosekana huduma inasimama. Kwa hivi tunza akiba, jua mapema nani anauza, usisubiri kiishe. Dawa na vifaa tiba ni nzito kwa pande zote mbili, kwa hiyo zinahitaji makisio sahihi ya matumizi na uhusiano wa kudumu na Bohari ya Dawa, ambayo ina kanda yake hapo Tabora. Nimeona ofisi ambako mchakato wa kununua karatasi ulichukua muda mrefu kuliko wa vitendanishi, na mganga mfawidhi akawa anawaandikia wagonjwa wakapime maabara ya mtu binafsi.

La tatu ni gharama kamili. Kigoma tuna vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Uvinza, ambako mzigo hufika kwa boti. Mzabuni mwenye bei ya chini dukani mjini anaweza kuwa ghali kuliko wote ukihesabu usafiri, mifuko inayolowa na siku za fundi kukaa bure. Mkilinganisha bei, linganisheni bei ya kitu kikiwa kimefika eneo la ujenzi na kimehesabiwa, isiwe bei ya kikiwa rafuni.

Na kwa upande wenu wa Tabora, msisahau mapato ya ndani. Halmashauri zinazolima tumbaku hupata sehemu nzuri ya ushuru wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3 tangu mabadiliko ya mwaka 2017, wakati masoko ya tumbaku yanapofanyika, kuelekea katikati ya mwaka. Mpango wa ununuzi unaotegemea mapato hayo lakini umepanga malipo ya mzabuni Desemba utakuwa na deni tangu siku ya kuandikwa.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Kasulu

Nawasalimu nyote. Naomba nizungumzie upande ambao mara nyingi hausikiki, yaani upande wa anayeuza.

Afisa ameeleza vizuri kuhusu mipango, lakini kuna jambo moja ambalo likibaki kama lilivyo mipango yote hiyo haitapunguza bei hata kidogo, nalo ni kuchelewa kulipa. Mimi napata saruji na bati kwa mkopo wa muda mfupi kutoka kwa wauzaji wa jumla, au kwa mkopo wa benki wenye riba. Halmashauri ikinipa oda, ninapeleka mzigo, kamati ya mapokezi inakagua, hati inasainiwa, natoa risiti ya mashine ya kodi (EFD), na kuanzia hapo nasubiri. Kodi ya zuio ya asilimia 2 inakatwa siku ya malipo, ila VAT inadaiwa kwangu kwa tarehe ya risiti, si kwa tarehe niliyolipwa. Nikisubiri miezi, riba inaendelea, na duka linakosa mtaji wa kuhudumia wateja wengine. Kwa hiyo ninapojaza bei ya zabuni ya Serikali naongeza kiasi cha kufidia kusubiri huko, na kila mfanyabiashara ninayemfahamu anafanya vivyo hivyo. Wakaguzi wakija wanakuta bei ya halmashauri iko juu ya bei ya dukani, wanaandika hoja, afisa ugavi anahojiwa. Hakuna anayeandika kwamba bei hiyo ilipandishwa na ofisi ya malipo.

Halmashauri inayojulikana kulipa ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba hupata wazabuni wengi na bei nzuri. Hili tunaambizana madukani. Yapo maeneo ambako zabuni ikitangazwa tunajua fedha ipo, tunashindana kweli. Na yapo mengine ambako wanajitokeza wawili tu, nao ni wale wenye mtaji mkubwa wa kustahimili deni. Ushindani hauletwi na tangazo peke yake.

Kuhusu NeST, binafsi naiunga mkono. Tangu ilipoanza kutumika mwaka 2023 sijalazimika kusafiri kwenda kununua makabrasha ya zabuni, na naweza kuona fursa za halmashauri nyingine nikiwa hapahapa Kasulu. Shida iko kwa wadogo. Fundi mwenye karakana ya madawati kijijini, au kikundi cha akina mama wanaoshona sare, anahitaji namba ya mlipakodi, leseni, simu inayofaa na mtu wa kumwelekeza. Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, lakini kikundi kisichosajiliwa kwenye mfumo hakiwezi kuiona hata zabuni iliyotengwa kwa ajili yake. Halmashauri inavikopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, kisha inaagiza madawati kutoka mkoa mwingine. Afisa maendeleo ya jamii na afisa ugavi wakikaa meza moja, mkopo na soko vitakutana.

Mkaguzi wa ndani mstaafu, Nzega

Nimewasoma kwa makini, na namshukuru mwenye duka kwa kusema jambo ambalo sisi wakaguzi hatukuliandika mara nyingi kama lilivyostahili. Nina hoja mbili ambazo nadhani zinahitaji kuwekwa mezani kabla Mheshimiwa hajaondoka na majibu.

Hoja ya kwanza ni kuhusu kujumlisha mahitaji. Afisa wa Kigoma anaipenda njia hiyo, na kwa hesabu ya bei yuko sahihi. Ila tukumbuke mwaka 2021, Serikali ilipopata fedha za mpango wa maendeleo kwa ustawi wa Taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19, takriban shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa shilingi milioni 20 kwa darasa. Madarasa yale yalijengwa kwa muda mfupi sana kwa sababu fedha ilipelekwa kwenye shule, kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zikaundwa palepale, mafundi wakatoka kijijini na vifaa vikanunuliwa maduka ya karibu kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani taasisi kusimamia ujenzi yenyewe bila kumpa mkandarasi. Lingefungwa fungu moja la halmashauri nzima na kupewa mzabuni mmoja, kuchelewa kwa mmoja huyo kungekuwa kuchelewa kwa shule zote. Ununuzi wa pamoja unapunguza bei lakini unakusanya hatari mahali pamoja, na katika wilaya yenye barabara mbovu hatari hiyo si ya kupuuzwa. Tena fedha iliyonunua vifaa katani ilizunguka katani.

Sisemi fosi akaunti haina kasoro. Nimekagua majengo ambayo kamati ilipokea bati za geji 30, ambazo ni nyembamba zaidi, wakati makadirio yalisema geji 28, kwa sababu hakuna mjumbe aliyejua kutofautisha, na mhandisi wa halmashauri alikuwa na miradi mingi kuliko siku za juma. Nimekuta pia manunuzi yaliyokatwa vipande vidogo ili yasifike kiwango cha kushindanishwa, jambo ambalo sheria inalikataza waziwazi, nayo yakaitwa mahitaji ya dharura.

Kuna njia ya katikati ambayo sekta ya afya imekwisha kuionyesha. Vituo vya kutolea huduma vilikuwa vikikosa dawa pale Bohari ya Dawa inapokuwa haina akiba, kila kituo kikihangaika peke yake madukani. Ukaanzishwa mfumo wa Mshitiri, kwa majaribio mkoani Dodoma mwaka 2014, na kufikia mwaka 2018 ulikuwa umesambazwa mikoa yote ya Tanzania Bara: mkoa unamchagua mzabuni kwa ushindani na kukubaliana naye bei, kisha kila kituo kinaagiza kiasi chake kinapohitaji kile kilichokosekana Bohari. Bei imejadiliwa kwa wingi wa mkoa mzima, lakini uamuzi wa lini na kiasi gani umebaki kwa anayejua mahitaji. Sioni sababu halmashauri isifanye hivyo kwa saruji, nondo na bati, tena kwa kuchagua wazabuni zaidi ya mmoja kulingana na tarafa, ili shule ya pembezoni isisubiri lori la mjini. Mikataba ya namna hii inatambuliwa na sheria, na Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini wameitumia kwa muda mrefu.

Hoja ya pili ni usimamizi wa mkataba. Tunatumia nguvu nyingi kumpata mzabuni, kisha tukishasaini tunamwacha. Katika miaka yangu ya kazi, majalada mengi yalikuwa manene hadi ukurasa wa saini, na baada yake yana karatasi mbili au tatu. Nani ni msimamizi wa mkataba? Alitembelea eneo lini? Mzabuni alipochelewa, je, fidia ya ucheleweshaji iliyoandikwa kwenye mkataba ilitozwa? Kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya kazi kukamilika, kilipoisha, nani alikagua nyufa kabla ya kuachia fedha iliyozuiliwa? Zahanati yako, Mheshimiwa, huenda ilikufa katika sehemu hiyo. Mtu mmoja aliyepewa jukumu kwa barua, mwenye usafiri na mamlaka ya kusema saruji isipelekwe hadi paa lipatikane, angeiokoa.

Kwa hiyo mnapopima utendaji wa kitengo cha ununuzi, msihesabu zabuni ngapi zimetangazwa. Ombeni muda uliopita kuanzia maombi ya idara hadi mzigo kupokelewa. Sehemu ya ununuzi uliofanyika nje ya mpango wa mwaka na sababu zake. Umri wa madeni ya wazabuni. Na miradi iliyoanza kutoa huduma kwa tarehe iliyopangwa. Takwimu hizo nne zitawaambia mengi ambayo hati haiwezi kuwaambia.

Diwani wa Tabora

Nawashukuru sana, na Mzee wetu wa Nzega namshukuru kwa namna ya pekee. Suala la msimamizi wa mkataba sikuwa nimeliwaza kabisa. Nimepiga simu makao makuu leo na nimeambiwa kwamba kwa mradi ule hakuna barua ya uteuzi.

Nina mambo mawili madogo. La kwanza, nikianza kuomba takwimu hizi nisije nikaambiwa naingilia zabuni, maana neno hilo linatumika haraka sana kumnyamazisha diwani. La pili, walimu wakuu katani kwangu wanalalamika kwamba kazi ya NeST imewaangukia. Mmoja anapanda kichuguu nyuma ya ofisi ili apate mtandao, huku darasa lake likimsubiri. Je, hilo nalo ni sehemu ya mkakati?

Afisa Ugavi, Kigoma

Mheshimiwa, kwanza nikubaliane na Mzee wa Nzega kuhusu mfano wa Mshitiri. Nilipozungumzia kujumlisha mahitaji nilifikiria bei zaidi. Kutenganisha bei na agizo kunajibu hofu yake kuhusu mzabuni mmoja. Bado naona kwamba vifaa ambavyo ubora wake ni mgumu kuutambua kwa macho, kama nyaya za umeme na bati, ni salama zaidi vikinunuliwa na halmashauri na kupimwa kabla ya kugawiwa. Hapo nadhani tutaendelea kutofautiana.

Kuhusu mipaka yako, sheria imetenganisha majukumu ya Afisa Masuuli (kwa halmashauri, ni Mkurugenzi), Bodi ya Zabuni, kitengo cha ununuzi, idara tumizi na kamati ya tathmini, na kila kimoja kinapaswa kufanya kazi bila kuelekezwa na kingine. Diwani hana nafasi katika uteuzi wa mzabuni, na akipendekeza jina la mtu au akitaka kujua yanayojadiliwa kwenye tathmini kabla ya tuzo kutangazwa, hapo ameingilia kweli. Lakini Baraza ndilo linalopitisha bajeti ambayo mpango wa ununuzi unatokana nayo, Kamati ya Fedha ndiyo inayopokea taarifa za ununuzi za kila robo mwaka, na wajumbe wana wajibu wa kukagua miradi. Kuuliza kwa nini mradi uliopangwa kuanza Agosti ulisainiwa Novemba ni kazi yako. Kuuliza nani anawajibika kusimamia mkataba, na deni la mzabuni fulani ambaye amekwisha kupokelewa mzigo lina siku ngapi, pia ni kazi yako. Ombi hilo lipelekwe kwa maandishi kupitia kwa mwenyekiti wa kamati kwenda kwa Mkurugenzi, nalo liwe ombi la kudumu la kila robo, ili lisionekane kumlenga mtu.

Kuhusu walimu, hapana, hilo si mkakati. Ni upungufu wa watumishi wa kada yetu uliosukumwa chini. Mwalimu mkuu anapaswa kujua shule inahitaji nini na kuthibitisha kwamba kimefika. Kuingiza zabuni kwenye mfumo si taaluma yake. Halmashauri moja jirani yetu imewapangia maafisa ugavi wake kata za kuhudumia, kila mmoja na kundi lake, na siku maalumu ambapo walimu wakuu na waganga wafawidhi wa kata hizo wanaleta mahitaji yao kwenye ofisi ya kata yenye mtandao, yanaingizwa kwa pamoja mbele yao. Haikuhitaji bajeti mpya zaidi ya mafuta ya pikipiki. Walianza na kata zilizo mbali zaidi na makao makuu, na nadhani nanyi mngefanya vivyo hivyo kabla ya Julai, wakati mpango wa mwaka mpya bado unarekebishika.